Picha yenu imetunyima buluu

Ndugu Mhariri,

Jumatano iliyopita gazeti lako lilitutoa ukurasa wa 14, na kwa hilo ahsante sana. Nilinunua nakala tatu: moja yangu, moja ya dada yangu wa Wete, na moja ya kuweka. Lakini nilipofunua ukurasa nilicheka mpaka mjukuu wangu akaja mbio kuuliza kuna nini. Habari inasema marafiki wanne wa Kikwajuni wametengeneza vitu kwa kufuata rangi moja tu, buluu, wakaviweka barazani siku mbili watu wavitazame. Chini yake picha. Na picha yenyewe, Bwana Mhariri, nyeusi na nyeupe!

Najua kurasa za rangi zina gharama, na zina wenyewe, watangazaji. Sitaki kuombwa radhi. Naomba nafasi tu nimweleze msomaji wa Makunduchi au wa Chake kile ambacho hakukiona, maana buluu nne zisizofanana hata kidogo zimegeuka majivu matupu. Tena maneno ya chini ya picha yanasema "kazi za mikono za akina mama". Mmoja wetu ni mwanamume wa miaka sabini na ushei, ana ndevu, yuko pale kushoto kabisa. Hakukasirika. Ila tangu Jumatano vijana wa maskani wanamwamkia "shikamoo mama".

Chanzo cha yote ni uzi. Nilimtuma jirani yangu, binti anayesomesha kemia skuli ya sekondari, aniletee Darajani uzi wa buluu. Akaniletea uzi wa rangi ya mbingu ya saa nne asubuhi. Nikamwambia, mwanangu, hii si buluu, hii ni samawati. Akasema, "Bibi, samawati ndiyo buluu, ndivyo tulivyosomeshwa." Mzee wa ndevu alikuwa amekuja kuazima ngazi, akasema nyote wawili hamjui kitu, buluu ni maji ya mkondo wa Pemba. Shoga yangu mtunga mashairi, ambaye hakuna ubishi unaompita, akasema buluu ni ile ya kufulia, nyengine zote zimeazima jina. Tulibishana mpaka ikaadhiniwa Magharibi. Ndipo tukawekeana sharti: kila mtu aende kwake, aitengeneze buluu yake kwa mkono wake, ailete mwezi ukiandama.

Nianze na yangu, kwa sababu ndiyo iliyoonewa zaidi. Ni shuka la viraka, na katikati yake nimetia kipande cha kaniki ya bibi yangu mzaa mama. Mwandishi wako ameandika "kitambaa cheusi". Si cheusi. Kaniki ni nguo iliyochovywa kwenye nili, ile dawa ya rangi ya buluu nzito, ikachovywa tena na tena, mpaka jicho linachoka linasema basi, hii nyeusi. Itoe nje juani, itazame penye mkunjo palipochakaa, utaiona buluu inachungulia. Bibi akitusimulia kwamba kaniki mpya ilikuwa ikiacha rangi shingoni na mabegani, unaoga na bado unayo. Na hakupata hata siku moja kuivaa mbele za watu. Ilikuwa nguo ya shamba na ya jikoni. Karne ya 19 hapa Unguja kaniki ilikuwa vazi la watumwa na masikini, na utumwa ulipokwisha kisheria mwaka 1897 wanawake wengi waliiacha wakaingia kwenye kanga zenye rangi na maua. Bibi alizaliwa miaka mingi baadaye, lakini aibu ya ile nguo aliipokea kwa mama yake kama mtu anavyorithi pete. Nilipoitoa sandukuni nilikaa nayo mapajani saa nzima kabla sijathubutu kuikata.

Nimeizungushia vipande vya ovaroli ya marehemu mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi bandarini. Kipande cha goti kimepauka mpaka kinakaribia weupe, cha mfuko bado kimeiva. Nguo moja, mtu mmoja, buluu sita. Na ule uzi wa samawati niliokuwa nikiukataa? Ndio niliotumia kushonea. Umekaa juu ya nili vizuri kuliko nilivyotaka kukiri mbele ya yule binti.

Mzee wa ndevu alileta ubao. Umetoka kwenye ngalawa iliyovunjika, urefu wake kama dhiraa tatu, na tundu za misumari bado zipo. Ameupaka rangi za mafuta zilizobaki kwenye makopo yake, maana kazi yake kwa sasa ni kupaka vyombo vya watu rangi, lakini ujanani alikuwa baharia wa majahazi. Ubao una mistari saba, na unausoma kutoka kushoto kama safari. Wa kwanza ni maji juu ya mchanga mweupe, karibu hayana rangi. Wa pili na wa tatu ni penye majani ya bahari na penye mwamba, buluu inavutana na kijani. Halafu mlango wetu wa bahari wa kwenda bara, ambao si mrefu sana kwa kina, sehemu kubwa haifiki mita 60. Mstari wa saba ni mkondo baina ya Pemba na bara, na huko bahari inateremka zaidi ya mita 800. Huo mmoja aliuchanganya siku tatu. Alitia buluu, akatia tone la nyeusi, akaona imekufa, akaifuta. Akatia zambarau kidogo, akaenda kulala, asubuhi akaifuta tena. Nilimuuliza anatafuta nini. Akanambia, "Pale mtu haoni rangi. Anaona uzito." Mwalimu wa kemia alijaribu kumweleza kwamba maji huumeza wekundu wa mwanga mapema, na buluu ndiyo inayofika mbali zaidi. Mzee akamsikiliza kwa adabu, kisha akasema ndiyo hayohayo aliyoyasema yeye.

Sasa shoga yangu. Siku ya kuleta, yeye alileta kanzu. Nyeupe pe! Watu walipita barazani wakauliza, hii nayo imefuata nini hapa? Kifuani aliibana karatasi yenye ubeti huu, na ameniruhusu niutoe:

Nikaitia majini, buluu ikasambaa,
Kanzu nikatia ndani, na mikono ikajaa,
Nikaanika juani, weupe ukazagaa,
Mbona imenihadaa, buluu imekwendapi?

Wanawake wa rika letu hawakuhitaji maelezo. Vijana, ambao wanajua sabuni za unga tu, walihitaji. Ile buluu ilikuwa kidonge au unga. Unaufunga kwenye kitambaa, unakitikisa kwenye beseni la maji ya mwisho, na unazamisha kanzu za Idd. Pamba nyeupe ikizeeka huingia umanjano, na buluu kidogo huuficha ule umanjano machoni. Kidogo, nasema. Ukiizidisha, au ukiiacha isiyeyuke vizuri, kanzu inatoka na michirizi na baba anakwenda kuswali Idd kama pundamilia. Kwetu ilitokea, na aliyefua ni mimi. Mwalimu wetu akaongeza lake: ule unga zamani ulikuwa ukisagwa kutoka kwenye jiwe la Badakhshan huko Afghanistan, ghali hata wachoraji wa Ulaya waliuhesabu kama dhahabu, mpaka miaka ya 1820 Wafaransa walipojua kuupika kwa udongo, magadi, makaa na kiberiti. Baada ya hapo ukawa rahisi kiasi cha kumwagwa na maji machafu ya kufulia. Shoga yangu alikaa kimya kidogo akasema angelijua hayo mapema angeliandika beti saba.

Ya binti mwenyewe ni picha za jua, na hizi ndizo zilizokusanya watoto. Unachanganya dawa mbili zenye chuma, unazipaka karatasini ndani ya chumba kisicho na mwanga mkali, unaiacha ikauke. Juu yake aliweka mwani, ule wanaoulima shangazi zake Paje, ambao kilimo chake cha biashara kilianza huku kwetu mwaka 1989. Akaufunika kwa kioo, akaipeleka karatasi juani. Karatasi ikageuka rangi ya kutu iliyochanganyika na kijivu, mbaya kabisa, na mimi nilimwonea huruma. Kisha akaizamisha kwenye beseni. Umanjano ukatoka, na buluu ikaja juu taratibu, nzito kama ya kaniki lakini yenye mwanga ndani. Na mwani, kila kijitawi na kijimwiba chake, umebaki mweupe. Watoto walipiga kelele. Na mimi pia, kwa siri.

Akatuhadithia kwamba njia hiyo aliibuni Mwingereza, John Herschel, mwaka 1842, na mwaka uliofuata mwanamke mmoja aliyefahamiana naye, Anna Atkins, akaanza kuitumia kuchapishia kitabu kizima cha mwani wa Uingereza. Hata maneno yake aliyaandika kwa mkono, yakatoka meupe kwenye buluu. Miaka ya 1850 akakaa na rafiki yake wa tangu utotoni, Anne Dixon, wakafanya hivyohivyo kwa majani na maua. Mwani! Sisi tuliokulia pwani tumeuona unakaushwa kwenye majamvi, unatiwa kwenye magunia, unapakiwa. Hakuna aliyewahi kunambia kwamba miongoni mwa picha za mwanzo kabisa kuingia kitabuni ni picha za mwani, na kwamba zilikuwa za buluu.

Nina mambo mawili madogo, kisha nakuacha. La kwanza, gazeti lako huandika "bluu". Sisi wa huku tunatamka buluu, irabu tatu, na shairi la shoga yangu linaanguka mizani ukiifinya. Si kosa kubwa, lakini liangalieni. La pili, najua rangi hazitapatikana kila siku, ila habari ikiwa ni ya rangi tupu, basi mwandishi angalau aziandike kwa maneno. Aliuliza umri wetu, akauliza nani mfadhili, akauliza kama tuna mpango wa kuuza. Hakuuliza hata mmoja wetu: buluu gani? Siku hiyohiyo, ukurasa wa 3, mlitoa picha ya bendera ya Taifa bila rangi, na ile buluu iliyotoka kwenye bendera ya Zanzibar ya 1964 haikutofautiana na kijani cha Tanganyika. Mjukuu wangu aliniuliza ipi ni ipi. Ilibidi nimwoneshe kwa kidole.

Kama utamtuma mpigapicha tena, na akaja na rangi, tutafurahi. Ubao uko kwa mzee, umesimamishwa mlangoni. Kanzu imevaliwa, imefuliwa, haina habari. Shuka ninalilalia. Picha kubwa ya mwani binti alinizawadia, nikaitundika dirishani kwa ujinga, na baada ya wiki tatu jua lilikuwa limeinywa nusu. Nilimwita nikiwa karibu kulia. Akacheka, akasema hii rangi ikipauka kwa mwanga huweza kurudi ikikaa gizani, nisiiguse. Kwa hivyo sasa imelala sandukuni, mahali palepale ilipokuwa kaniki ya bibi. Jana nilichungulia, imeanza kurudi pembeni. Mpigapicha wako asije kabla ya Ijumaa.

Bibi wa viraka,
Kikwajuni, Unguja