Asilimia 5 si mshahara wa waongozaji

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma kila siku nikiwa huku Uholanzi, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia. Mengi nimeyapita kimya. Ila taarifa yenu ya juzi kuhusu Dutch Directors Guild, chama cha waongozaji wa filamu na televisheni wa hapa, siwezi kuipita. Mmewaita watu walioshiba wanaotaka kulipwa mara mbili, mkaongeza kwamba serikali imeshawapa asilimia 5 ya mapato ya Netflix na wenzake, sasa wanataka nini tena?

Hiyo asilimia 5 si yao. Sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2024 inazitaka huduma za video za mtandaoni zenye mapato ya zaidi ya yuro milioni 10 kwa mwaka nchini Uholanzi ziwekeze asilimia 5 ya mapato hayo katika kazi za Kiholanzi. Ni fedha za kutengenezea filamu na tamthilia mpya. Zinakodi kamera na magari, zinalipa waigizaji na mafundi, na zinamlipa mwongozaji pia iwapo kapata kazi humo. Aliyeongoza tamthilia miaka sita iliyopita, ambayo watu bado wanaitazama usiku huu, hapati humo hata senti. Mwandishi wenu kachanganya bajeti ya kesho na deni la jana, na msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ataamini kwamba waongozaji wa Ulaya wanaogelea kwenye pesa za umma.

Deni lenyewe ni hili. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uholanzi iliamua, katika kesi ya wasanii dhidi ya kampuni za kebo, kwamba kupeleka matangazo majumbani kwa njia ya kebo si lazima kuhesabiwe kuwa ni kuyarusha upya. Malipo yaliyokuwa yakiwafikia wasanii kwa kurushwa upya huko yakakosa msingi. Ndipo vyama vya waongozaji, waandishi wa miswada na waigizaji vikashikamana, na Julai 1, 2015 marekebisho ya sheria ya hakimiliki yakaanza kazi: mwongozaji aliyemkabidhi mtayarishaji haki zake anabaki na haki ya malipo ya uwiano kila kazi inaporushwa, na malipo hayo yanakusanywa kwa pamoja. Kwa waongozaji, mkusanyaji ni VEVAM. Lakini sheria hiyo iliacha nje utazamaji wa mtandaoni, ule ambao mtu anachagua mwenyewe atazame nini na saa ngapi. Yaani watunga sheria waliacha wazi mlango ule ule ambao watazamaji wote walikuwa wanaelekea kutokea.

Naijua tofauti hiyo kwa mfuko wangu. Niliongoza vipindi kadhaa vya tamthilia ya televisheni, vikahaririwa Hilversum, mji wa studio za televisheni wa hapa. Mkataba wa kampuni ya utayarishaji ulikuja kwa barua pepe siku mbili kabla ya kuanza kupiga picha, na kifungu kimoja kilisema kwamba nakabidhi haki zote, kwa kila njia ya kuonyesha iliyopo na itakayokuja, kwa malipo yale yale ya mkupuo. Nikampigia meneja wa uzalishaji. Akaniambia kila mtu anasaini, na kwamba wako waongozaji wanaoisubiri nafasi hiyo. Nikaupeleka chamani. Mwanasheria wao akaupitia pamoja nami mstari kwa mstari, akapigia penseli sentensi mbili na kuandika pembeni zisomekeje. Kampuni ikakubali moja, ile ya siku za ziada za uhariri. Ya mtandaoni wakaikataa katakata, wakasema bajeti imefungwa. Tamthilia ikarushwa, na kwa marudio ya televisheni nikalipwa kupitia VEVAM kama sheria inavyotaka. Kisha ikahamia mtandaoni. Jirani yangu wa ghorofa ya chini akanisimamisha kwenye ngazi kunipongeza, yeye na binti zake wameitazama yote mwisho wa juma. Nilimshukuru. Kwa utazamaji wa huko hadi leo sijalipwa kitu, wala sijaambiwa imetazamwa mara ngapi, ilhali kifungu cha 19 cha agizo la Umoja wa Ulaya la 2019 kuhusu hakimiliki kinasema msanii aliyekabidhi haki zake apewe taarifa za matumizi ya kazi yake angalau mara moja kwa mwaka. Kifungu cha 18 kinasema alipwe malipo yanayostahili na yenye uwiano. Uholanzi iliingiza agizo hilo katika sheria zake Juni 2021. Hayo ndiyo mambo ambayo chama kinayadai. Mnaona mtu gani aliyeshiba hapo?

Mwandishi wenu kauliza iwapo fundi mwashi hulipwa kila mpangaji anapolipa kodi. Fundi hulipwa bei kamili ya kazi yake siku anapokabidhi funguo. Mwongozaji hapewi bei kamili. Anapewa ada ambayo haiongezeki hata maandalizi yakienda miezi ya ziada, na tangu mwanzo huambiwa avumilie, kazi ikipendwa naye atafaidika. Ikishapendwa, anaambiwa alishalipwa. Huwezi kutumia matumaini ya kesho kushusha bei ya leo, halafu kesho ikifika uyakane.

Na msisahau kwamba wengi wao wamejiajiri wenyewe. Hawana mwajiri wa kuwachangia pensheni, na akiumwa hakuna wa kumlipa. Tena kwa muda mrefu hata kukaa pamoja na kukubaliana kima cha chini cha ada kulikuwa hatari, kwa kuwa sheria ya ushindani inamhesabu aliyejiajiri kuwa ni kampuni, na kampuni zikipanga bei zinavunja sheria. Ilibidi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iamue, Desemba 4, 2014, katika kesi iliyotoka hapa hapa Uholanzi kuhusu wanamuziki wa kujaza nafasi kwenye okestra, kwamba anayefanya kazi kama mwajiriwa bila kuitwa mwajiriwa anaweza kuingia katika makubaliano ya pamoja. Mwongozo wa Tume ya Ulaya wa kulegeza zaidi ulikuja 2022. Kwa hiyo mnapokicheka chama kwa kudai "viwango vya malipo", mjue hata kuvitaja viwango hivyo kulihitaji mahakama.

Sisi wa nyumbani ndio tuliopaswa kulielewa hili mapema. Kariakoo filamu zilinunuliwa kwa mkupuo, msambazaji akachukua haki zote, na aliyeiongoza akarudi nyumbani na nauli. Tunaijua hadithi hii.

Na hapa niseme jambo jingine linaloniumiza. Gazeti lenu likiandika kuhusu filamu, ya Ulaya au ya Tanzania, linataja waigizaji, linataja mavazi ya uzinduzi, linataja nani kagombana na nani. Mwongozaji hatajwi. Katika taarifa yenu nzima kuhusu waongozaji hamkutaja jina la mwongozaji mmoja, lakini picha mliyoweka ni ya waigizaji wawili kwenye zulia jekundu. Mtandaoni nako filamu ikiisha tu, majina ya waliofanya kazi yanabanwa kwenye kijisanduku pembeni na filamu nyingine inaanza baada ya sekunde chache. Mtu anayefutwa hivyo kila siku, kwenye skrini na gazetini, atadai haki yake kwa nani wakati hakuna anayejua kwamba yupo?

Naomba mfanye mambo mawili. Kwanza, sahihisheni suala la asilimia 5 kwenye ukurasa ule ule wa burudani, upande wa juu, kwa herufi za ukubwa ule ule wa kichwa cha habari cha awali. Pili, kuanzia toleo lijalo, chini ya kichwa cha kila habari ya filamu, tamthilia au mchezo wa jukwaani, wekeni mstari mmoja wenye majina matatu: mwongozaji, mwandishi wa muswada, mtayarishaji. Mwandishi asiyejua majina hayo asirudishe habari mezani kwenu mpaka apige simu ayapate.

Msomaji wenu,
Mwongozaji wa televisheni, Rotterdam
(Jina limehifadhiwa)