Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Tanga, Desemba 2025

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum, na Bwana Yesu asifiwe.

Nawashukuru wote mliofika, hasa mliotoka Pangani na Muheza kwa nauli zenu wenyewe. Mapato na matumizi atawasomea mhazini, na makabrasha mnayo mkononi, kwa hiyo huko sitaingia. Mimi nitasema habari za kazi zetu za mikono na picha za Snoopy, yule mbwa mweupe mwenye masikio meusi wa vibonzo vya Kimarekani.

Tarehe 2 Oktoba mwaka huu vibonzo vya Peanuts vilitimiza miaka 75. Charles M. Schulz alivianza mwaka 1950 katika magazeti saba ya Marekani, na Snoopy wetu akatokea siku mbili baadaye, mbwa mdogo anayetembea kwa miguu minne na ambaye hata jina hajapewa. Mwaka 1952 mawazo yake yakaanza kuandikwa kwenye vibonzo, na baadaye akasimama kwa miguu miwili kama tunavyomjua sasa. Siku hiyo ya Oktoba tulikaa chini ya mwembe, kila mtu na kazi yake mkononi, vijana wakiwasimulia watoto vibonzo kwa Kiswahili chao. Hakukuwa na mgeni rasmi. Naomba tuendelee hivyo hivyo.

Kazi iliyonifurahisha kuliko zote ni ya midoli ya mkonge. Singa, yaani nyuzi za mkonge, zikishaanikwa na kupigwa brashi vizuri, weupe wake ndio weupe wa Snoopy, hazihitaji kupakwa kitu. Shida ilikuwa sikio. Mkonge ni mkavu na mkaidi. Ukisuka sikio linasimama wima kama la punda, na Snoopy mwenye sikio lililosimama si Snoopy. Dawa aliipata mama yetu wa Makorora. Yeye sikio analisuka kwa kulegeza, analiloweka usiku kucha, asubuhi analilaza kwenye shavu la mdoli, analifunga kwa kipande cha kanga kuukuu na kuliacha likauke kivulini. Likikauka halinyanyuki tena. Akatufundisha pia kwamba rangi nyeusi inatiwa kwenye singa kabla ya kusuka, kwa sababu ukisubiri mdoli akamilike rangi inatambaa hadi shingoni.

Mwanachama mmoja aliuliza kikaoni, na aliuliza kwa nia njema, kwa nini watu wa Tanga tuhangaike na mbwa wa Kimarekani. Nilimjibu hivi. Mkonge wenyewe uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, mbegu zikitoka Florida, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai ikapandwa Kikokwe, upande wa Pangani. Leo ukitaja mkonge umetaja Tanga. Kitu kinakuwa cha watu kwa kufanyiwa kazi na mikono yao, na huyu mbwa mikono yetu imemfanyia kazi sana.

Kwenye kudarizi nitakaa kidogo. Schulz alichora vibonzo 17,897 kwa karibu miaka 50 bila msaidizi wa kumchorea. Miaka ya mwisho mkono wake ulikuwa ukitetemeka, na mstari wake nao ukatetemeka. Hakuuficha, aliendelea kuchora. Bibi yetu wa Chuda alikuwa ameweka sindano chini kwa sababu hiyo hiyo ya mkono, akisema kazi yake imeharibika. Katibu alimpelekea vibonzo vya miaka ya 1990 na kumwonyesha mstari ule. Bibi aliutazama muda mrefu, akauliza kama huyo mtu aliendelea kulipwa. Akaambiwa ndiyo. Mwezi uliofuata alileta foronya ya Snoopy amelala chali juu ya paa la kibanda chake, na mstari wa tumbo unapanda na kushuka kidogo kidogo, utadhani anapumua. Nimeona foronya nyingi zilizonyooka kuliko hiyo, lakini sijaona yenye uhai kama hiyo. Iko pale mezani, itazameni kwa karibu.

Sasa suala la dini, ambalo limezungumzwa barazani na sitaki lizungumzwe pembeni tena. Wengi wetu ni Waislamu, na tunajua hukumu ya mbwa na ya picha za viumbe katika nyumba. Kamati ilikaa na wazee na tukakubaliana: sura ya Snoopy haiwekwi kwenye mkeka wa kusalia, kwenye kofia, wala kwenye kanga anayoswalia mtu. Hakuna anayelazimishwa kutengeneza wala kuweka nyumbani kwake. Kina mama wasiotaka kufuma sura ya kiumbe wamechukua kibanda chekundu peke yake, wakakifuma kroshia kwenye vitambaa vya makochi, paa tupu na anga juu yake. Ni kazi nzuri kabisa. Kila anayemjua mbwa huyu anajua nani amekosekana hapo juu.

Upande wa picha, vijana wametembea. Picha za mdoli akiwa diko la Deep Sea, akiwa kwenye karia ya baiskeli kati ya makuti na dumu la maji, tumezipenda. Mimi lakini napenda zaidi zile ambazo hatukumpeleka sisi, tulimkuta. Huyu mbwa alifika Tanga zamani ndani ya marobota ya mitumba. Picha tuliyoipa nafasi ya kwanza ni ya fulana iliyoanikwa kwenye kamba uani, Ngamiani. Chapa imepasukapasuka kwa kufuliwa, pua imekwisha kabisa, limebaki sikio na jicho moja, na kwenye bega kuna kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa bluu. Aliyeshona kiraka kile aliipenda fulana yake. Nawakumbusha wapiga picha: mtu anaombwa ruhusa kwanza, na picha ya mtoto inaombwa kwa mzazi.

Duka moja mjini lilitaka tulitengenezee midoli mingi ya kuuzia watalii. Tulikataa. Snoopy ana wenyewe, hakimiliki na alama yake ya biashara zinalindwa, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inatuhusu kama inavyomhusu mwanamuziki anayelalamika kuibiwa wimbo. Tunamtengeneza kwa ajili ya nyumba zetu, watoto wetu na kujifunza. Ujuzi wa sikio la mkonge ni wetu, na unaweza kuingia kwenye mdoli wa mbuzi, wa ng'ombe, wa paka wa Raskazone, tukauza bila hofu. Najua wapo waliokasirika, maana pesa ilikuwa ya kweli. Msimamo wangu haujabadilika.

Wanaanga wa NASA, shirika la anga la Marekani, tangu mwaka 1968 huwatunukia wafanyakazi na mafundi wanaolinda usalama wa safari kipini kidogo cha fedha chenye sura ya Snoopy, na mwaka 1969 chombo cha Apollo 10 kilichoshuka hadi kama kilomita 15 juu ya mwezi kiliitwa jina lake. Kinachonigusa ni kwamba kipini kile mwanaanga humfuata fundi mahali pake pa kazi na kumkabidhi mwenyewe. Nasi tulifanya hivyo: kamati ilikwenda Makorora, ikamkuta mama yetu anachambua singa, ikamvisha beji ya mkonge. Alituamuru tukae tumalize kuchambua naye.

Jambo jingine fupi. Watoto wetu wanampenda mbwa wa kitambaa, lakini mitaani kuna mbwa wa kweli. Wafundisheni: aliyeng'atwa anaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Wenye mbwa, wapelekeni wakachanjwe.

Tumewazika wenzetu mwaka huu, na familia zao tumezitembelea. Mungu awarehemu.

Leo naomba kura kwa mambo mawili: kuendelea na katazo la kuuza Snoopy, na kutenga sehemu ya ada kwa ajili ya nyuzi na miwani ya kusomea kwa wadarizi wazee. Katibu atagawa karatasi baada ya mhazini kumaliza.

Mwenyekiti