Risala ya wahadhiri kwa mgeni rasmi katika kufunga mafunzo ya kufundisha kwa teknolojia ya kidijitali, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Makamu Mkuu wa Chuo na menejimenti yako,
Wakuu wa vitivo na idara,
Wakufunzi wetu, wahadhiri wenzangu, wanafunzi wetu,
Mabibi na mabwana,

Shikamooni wakubwa zetu. Na ninyi wengine, habari za mchana.

Kwa niaba ya wahadhiri 34 tunaohitimu leo, nakukaribisha Moshi. Mlima umefunguka tangu alfajiri baada ya kujificha wiki nzima, nasi tumeipokea hiyo kama heshima kwa ujio wako. Tunajua una mengi ya kitaifa yanayokusubiri, na kuacha hayo uje kukaa na walimu ni jambo ambalo hatutalisahau.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulianza mafunzo haya na hofu ambayo watu wa rika letu hawaisemi hadharani. Mhadhiri ni mtu aliyezoea kujua. Kusimama mbele ya wanafunzi 160, projekta imegoma, kijana wa mwaka wa kwanza anainuka kuja kukusaidia, ni jambo dogo kwa anayetazama. Kwa aliyesimama pale mbele si dogo hata kidogo. Wengi wetu tuliamua kuiacha mitambo hiyo kuliko kuaibika.

Mimi binafsi nafundisha takwimu. Shule zilipotangazwa kufungwa tarehe 17 Machi 2020, na vyuo vikafuata kesho yake, nilijaribu kuwafikia wanafunzi wangu kwa simu. Nilirekodi mhadhara wa saa nzima kwa video, nikaupakia, nikatuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp. Faili lilikuwa na uzito wa megabaiti 600. Walioufungua walikuwa 11. Kijana mmoja wa milimani kule Same aliniandikia: "Mwalimu, nimepanda mpaka kilimani kunakoshika mtandao, lakini bando la siku limeisha kabla hujafika kwenye mfano wa kwanza." Vyuo vilipofunguliwa tarehe 1 Juni nilirudi ubaoni, nikaamini kabisa kwamba teknolojia si ya wanafunzi wetu na si ya nchi yetu.

Katika wiki ya tatu ya mafunzo haya tuliichukua mada ile ile. Mkufunzi aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: katika saa ile nzima, ni wapi mwanafunzi alihitaji kuniona, na ni wapi alihitaji kunisikia tu? Tuliikata mada vipande vinne vya sauti, kila kimoja dakika kumi, pamoja na slaidi chache zenye maandishi. Sauti ya mtu anayezungumza inasikika vizuri kwa kilobiti 32 kwa sekunde, na kwa kiwango hicho dakika kumi hazifiki megabaiti 2.5. Mada nzima ikaingia ndani ya megabaiti 10. Yule kijana wa Same alishahitimu. Ningependa angeisikia.

Niruhusu, Mheshimiwa, nikuelezee jambo nililoliona kwa macho yangu wiki hiyo hiyo. Kiti cha pembeni yangu alikaa mzee wetu mmoja wa idara, mwenye miaka 27 darasani. Notisi zake ziko kwenye jalada la kahawia lililofungwa kwa kamba, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Alirekodi dakika kumi zake za kwanza kwenye stoo ya vitabu, kwa sababu ndiko kuliko na utulivu. Akarudi, akavaa visikilizio, akabonyeza. Alisikiliza kimya mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Kumbe huwa naongea haraka hivi?" Akarudi stoo. Alirekodi mara nne. Miaka 27 hakuna aliyewahi kumwambia, maana mwanafunzi gani angethubutu? Muda wote huo mkufunzi alikaa kando yake, mikono mapajani, hakugusa kipanya hata mara moja. Mzee alipokwama aliuliza, akajibiwa, akaendelea mwenyewe.

Hilo la mkufunzi kutogusa kipanya ndilo kiini cha risala yetu. Tulichohitaji wahadhiri kilikuwa mtu wa kukaa naye, anayejua kufundisha na anayejua chombo, mwenye subira ya kusubiri tukosee.

Na si jambo geni kwetu Watanzania. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafundisha kwa redio watu wazima wapatao milioni mbili habari za malaria, kichocho, safura na kuhara damu. Wazee wanaikumbuka redio, lakini redio haikuifanya kazi ile peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyeandaliwa, kulikuwa na vijitabu, na kipindi kikiisha watu walibaki wamekaa wakijadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Hata Moodle, programu tunayotumia kuweka masomo yetu, ilianzishwa na Martin Dougiamas, Mwaustralia ambaye utotoni alisomea jangwani kwa masomo ya redio kwa kuwa shule ilikuwa mbali mno. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2002, na kwa kuwa ni programu huria, chuo hakilipii leseni. Tunaitaja kwa sababu ilitungwa na mtu aliyejua maana ya kuwa mwanafunzi wa mbali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, si kila tulichojifunza kinahitaji umeme. Profesa Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard, anayefundisha fizikia, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 amekuwa akiuliza swali lenye majibu ya kuchagua, kila mwanafunzi anajibu peke yake, kisha wanageukiana na kubishana na majirani zao, halafu wanajibu upya. Nilijaribu kwa darasa langu. Nikaandika ubaoni: ofisi ina watu kumi, tisa wanalipwa shilingi 300,000 kwa mwezi na mmoja analipwa shilingi 5,000,000, ni namba gani inaieleza ofisi hiyo kwa haki zaidi, wastani au namba ya katikati, yaani ile inayoangukia katikati ukiipanga mishahara yote kwa ukubwa? Wenye simu janja walijibu kwa simu. Wasio nazo niliwapa kadi za manila za rangi nne zilizokatwa na mtoto wangu usiku uliotangulia, wakanyanyua rangi ya jibu lao. Mara ya kwanza wengi walichagua wastani, ambao ni shilingi 770,000. Halafu ukumbi ulilipuka. Nilimsikia binti mmoja safu ya nyuma akimwambia mwenzake, "Hebu nionyeshe mtu mmoja humu ndani anayelipwa hiyo laki saba!" Walipojibu tena, karibu ukumbi wote ulihamia kwenye namba ya katikati, bila mimi kusema neno. Nimefundisha somo hilo miaka mingi kwa kuandika fomula na kufuta. Ukumbi haukuwahi kupiga kelele namna ile.

Lakini somo lililotuuma zaidi lilitoka kwa mwanafunzi wetu asiyeona. Anasoma kwa kompyuta yenye NVDA, programu inayotolewa bure, ambayo humsomea kwa sauti maandishi yaliyo kwenye skrini. Wiki ya sita wakufunzi walimwalika aje na kompyuta yake, afungue notisi zetu mbele yetu. Notisi nyingi tulikuwa tumezipiga skana kutoka kwenye karatasi, kwa hiyo kwa programu ile ni picha tu, hazina herufi. Akafungua faili la kwanza la somo langu. Kimya. La pili, kimya. Kati ya mafaili 12, yaliyosema chochote ni matatu. Tukamuuliza amekuwa akisomaje, akasema huwanunulia wenzake vocha ili wamsomee jioni. Mwaka mzima kijana huyo amekaa kwenye darasa langu, na mimi sikujua.

Tulikesha siku mbili kuyachapa upya mafaili yale, na mengine kuyapitisha kwenye programu ya kutambua herufi kisha kusahihisha neno kwa neno. Wiki iliyopita alinifuata koridoni akaniambia jedwali la ukurasa wa nne lina kosa la kujumlisha. Nikaenda kuangalia. Alikuwa sahihi.

Kuhusu akili mnemba nitasema kwa ufupi, kwa sababu imezungumzwa sana na mara nyingi kwa woga. Tangu ChatGPT ifunguliwe kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, sote tumepokea kazi za wanafunzi zilizoandikwa kwa ufasaha usio wao. Programu za kuwanasa hukosea, na kumwonea mwanafunzi aliyeandika mwenyewe ni dhambi kubwa kuliko kumkosa aliyenakili. Tumeona heri kubadili swali. Sasa nawatuma sokoni Mbuyuni na Kiboriloni wakaandike bei za ndizi kwa mikono yao, mshare mbali na mzuzu mbali, kwa siku tano, kisha waje watetee hesabu zao mbele ya wenzao. Tumekumbushwa pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi tangu tarehe 1 Mei 2023, na ile tabia ya kubandika alama za wanafunzi pamoja na majina kwenye makundi ya WhatsApp tumeiacha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, yapo yanayotukwamisha. Miaka ya nyuma, katika taasisi moja niliyofundisha kabla ya kuja hapa, ulinunuliwa mfumo mzuri wa masomo mtandaoni. Tulipelekwa hotelini siku mbili, tukaonyeshwa vitufe ukutani, tukapewa vyeti na chakula kizuri. Tuliporudi ofisini hakukuwa na mtu wa kuuliza. Baada ya muhula mmoja wengi tulishasahau hata nywila, na mfumo ukabaki na jina la kila somo na ndani yake hamna kitu. Fedha zile zilikuwa za wananchi. Tunashukuru kwamba Serikali, kupitia Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET) ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola za Marekani milioni 425, imewekeza kwenye majengo, vifaa na watu wa vyuo vikuu vya umma. Ombi letu ni kwamba fungu la watu lisimezwe na fungu la vifaa.

Kwa hiyo tunaomba kila kitivo kiwe na mtaalamu mmoja wa kudumu wa kumsaidia mhadhiri kupanga somo. Fundi wa TEHAMA tunaye na tunamheshimu, huturudishia mtandao na nywila, lakini si kazi yake kunieleza kwa nini swali langu la jaribio linapima kumbukumbu tu. Mafunzo haya yamefaulu kwa sababu yalikuwa kila Alhamisi mchana kwa wiki 12, na kati ya Alhamisi moja na nyingine tulikuwa na mtu wa kumgongea mlango. Mkataba wa wakufunzi hawa unaisha mwezi huu. Mwezi ujao tutamgongea nani?

Tunaomba pia muda huu utambuliwe. Kipindi changu cha kwanza cha saa moja kilinichukua saa tisa kukiandaa, na cha pili saa nne. Saa hizo hazipo kwenye hesabu ya mzigo wa kazi, na mhadhiri anapoomba kupanda cheo, uzito mkubwa uko kwenye machapisho. Kijana anayeanza kazi leo anayaona hayo, na hatuwezi kumlaumu akichagua kuandika makala badala ya kuandaa somo ambalo mwanafunzi asiyeona anaweza kulisoma.

Na lipo la miundombinu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu, intaneti ilidorora nchini. Wenzetu waliokuwa wameweka masomo kwenye seva iliyomo humu humu chuoni, wanafunzi wao wa bweni waliendelea kusoma. Seva hiyo ni ndogo na haina betri, umeme ukikatika nayo inalala. Tunaomba betri zake. Tunaomba pia utusemee kwa kampuni za simu, ili mwanafunzi anayefungua tovuti ya masomo asikatwe bando.

Kabla ya chakula, Mheshimiwa, tunakuomba upite chumba cha pili mkono wa kushoto. Mzee wetu mwenye jalada la kahawia atakufungulia somo lake mwenyewe, na mwanafunzi wetu atakaa na kompyuta yake, utasikia notisi zikisomeka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.