Nyumba za kale za Lubumbashi ziandikwe kabla hazijabomolewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linaloniuma tangu kiangazi kilichopita, pale nyumba moja ya matofali ya kuchoma, isiyo mbali na njia ya reli, ilipobomolewa kwa siku tatu. Nimepita mbele ya nyumba ile tangu nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Ilikuwa na baraza ndefu upande wa barabarani, matundu ya hewa chini ya paa, na sakafu ya vigae vya saruji vyenye maua mekundu na meusi. Siku ya tatu nilikuta vijana wakigongagonga matofali kuondoa chokaa na kuyapanga mafungu mafungu ili yauzwe. Vigae vilikuwa vimesagika ndani ya kifusi.

Niliambiwa kwamba mwenye kiwanja ana karatasi zake zote, nami naamini hivyo. Simlaumu. Kinachonisumbua ni kwamba yule aliyetia sahihi kibali cha ujenzi mpya hakuwa na daftari lolote la kumwonyesha kuwa nyumba ile ina thamani nyingine zaidi ya kiwanja chake.

Sheria ipo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 kinazitaka mamlaka za umma kulinda urithi wa utamaduni wa taifa, na tangu tarehe 15 Machi 1971 tunayo sheria namba 71-016 kuhusu ulinzi wa mali za utamaduni, ambayo inaruhusu jengo lenye umuhimu wa kihistoria au wa kisanaa kuorodheshwa rasmi, na likishaorodheshwa haliwezi kubomolewa wala kubadilishwa bila idhini. Lakini sheria hiyo hulinda kile kilichoandikwa tu. Ili nyumba iandikwe, ni lazima kwanza mtu aitambue, aipime, aipige picha, aandike historia yake, kisha faili lisafiri hadi wizarani Kinshasa. Tingatinga halina safari ndefu kiasi hicho.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Urithi wa Dunia mwaka 1974, na leo ina maeneo matano katika orodha ya UNESCO, kuanzia hifadhi ya Virunga mwaka 1979 hadi hifadhi ya Okapi mwaka 1996. Yote ni ya maumbile, na hakuna hata jengo moja. Waeritrea, ambao mji wao wa Asmara ulijengwa kwa sehemu kubwa chini ya utawala wa Waitalia, waliuingiza katika orodha hiyo mwaka 2017 baada ya kufanya kazi ndefu ya kuyaandika majengo yao.

Najua wako watakaosema kwamba haya ni majengo ya wakoloni, na kwamba Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati wa ukoloni, ya mwaka 1910 haikujengwa kwa ajili yetu. Ni kweli haikujengwa kwa ajili yetu, ila ilijengwa kwa mikono ya wazee wetu: walioyafinyanga matofali, walioyachoma na walioyabeba wametoka katika familia zetu, na wengi wao hawana kumbukumbu nyingine katika mji huu isipokuwa kuta hizo. Tena kuta nyingine ni ushahidi. Nyumba ya Brouwez, alikoteswa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito tarehe 17 Januari 1961 kabla ya kuuawa usiku huo, haipaswi kuachwa iamuliwe na soko la viwanja.

Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo lina waumini wa kulitunza. Hofu yangu kubwa ni kwa nyumba zisizo na jina, za mjini kati na za komini ya Kamalondo, ambazo wenye nyumba wanazirekebisha kwa fedha zao bila msaada wowote. Mama mmoja jirani wa nyumba iliyobomolewa ameezeka upya paa lake akizingatia mteremko ule ule wa zamani, kwa gharama iliyomchosha. Alitaka kujua aende ofisi gani ili nyumba yake iandikwe, na sikuwa na jibu la kumpa.

Jimbo la Haut-Katanga lina uwezo wa kuanza bila kusubiri. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina wanahistoria, Jumba la Makumbusho la Taifa lipo hapa hapa, na kodi ya majengo ni ya jimbo kwa mujibu wa Katiba, hivyo Bunge la jimbo linaweza kumpunguzia kodi anayetunza nyumba ya kale. Ninachowaomba wabunge ni azimio moja lenye mambo mawili: orodha ya majengo ifanywe, komini kwa komini, na kibali chochote cha kubomoa kisitolewe kabla ya orodha hiyo kutazamwa. Wabunge wenyewe wanakutana katika jengo lililokuwa ukumbi wa maonyesho wa mji, lililochorwa na msanifu majengo Claude Strebelle katika miaka ya 1950. Lianze hilo katika ukurasa wa kwanza, na nyumba ya yule mama iwe katika ukurasa wa pili.

Msomaji wako,
Lubumbashi