Aksanti kwa mzee aliyeokoa vitabu vyetu, Kadutu

Ndugu na dada wa Bukavu, mwezi huu wa Novemba kikundi cha kusoma hapa Kadutu hakikukosa vitabu, na hiyo ni kazi ya mzee mmoja asiyetaka jina lake litajwe. Mvua ilipita kwenye bati lililotoboka, ikalowesha vitabu 12. Wengine walitaka kuvianika juani, wengine kando ya makala ya moto. Mzee alikataza: joto kali hukunja kurasa na kupasua gundi ya mgongo.

Alianza na vile vya karatasi ya kung'aa, akitenganisha kurasa zingali mbichi, maana zikikauka zimebanana haziachani tena bila kuchanika. Vingine alivisimamisha ubaoni, kivulini, vimefunguka kidogo penye upepo. Kila baada ya kurasa kumi aliweka karatasi nyeupe ya choo, akiibadilisha ikishalowa. Magazeti hapana, wino wake huchafua. Umeme ulipokatika aliendelea kwa tochi, kwa sababu vikikaa na maji siku mbili tu, ukungu huingia.

Vilipokaribia kukauka alivifunga, akavibana kati ya mbao mbili na mawe juu. Migongo iliyoachia aliishona kwa uzi na kuipaka uji mzito wa unga wa muhogo, tabaka jembamba.

Mwenye vitabu vilivyolowa asivitupe, aanze leo leo.

Fedha alikataa. Aliomba kuazima kitabu kimoja tu. Aksanti sana, Mzee, kaa nacho.