Mawe Kwanza, Samaki Baadaye

Jinja

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Hapa sote wazima. Mama yako anakusalimu, na bado analalamika kwamba samaki wako wanakula vizuri kuliko wewe.

Picha ya tangi jipya nimeiona. Lita 400, mashallah, limependeza. Umeniuliza utawashikaje samaki wako wa baharini bila kuwaumiza, ukiwahamisha kutoka tangi la zamani. Hilo ni la mwisho kabisa katika shughuli hii, na samaki watano si kazi ya kumnyima mtu usingizi. Kazi ni yale mawe.

Umeandika kwamba utayatoa, uyasugue chini ya bomba mpaka yang'ae, uyaanike barazani, halafu uyapange upya. Nakuomba usifanye hivyo. Tunayaita mawe hai kwa sababu yana uhai kweli. Katika vitundu vyake wamo bakteria wanaoigeuza amonia inayotoka kwa samaki ikawa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti ikawa nitrati, ambayo haina ukali kama hizo mbili. Ndani zaidi, oksijeni isikofika, wako wanaoivunja hata hiyo nitrati ikatoka kama gesi ya naitrojeni. Wengi hudhani uhai huo umo majini, ndiyo maana utawaona wakihangaika kubeba maji ya zamani hadi tone la mwisho. Majini ni wachache. Wamejishika kwenye mawe, mchanga na sifongo ya chujio. Maji mapya yakichanganywa vizuri hayana neno, lakini jiwe lililosuguliwa kwa maji ya klorini limebaki kuwa la kujengea ukuta.

Na klorini hapo kwako ipo. Maji ya bomba ya Kampala hutoka ziwani, husafishwa na kutiwa dawa ili sisi binadamu tusiugue. Kwa hiyo pata maji yaliyopita kwenye mashine ya kuchuja chumvichumvi, au utie dawa ya kuondoa klorini kabla ya lolote. Ukihesabu maji ya zamani utakayobeba, na nafasi ya mawe na mchanga, utahitaji kama lita 250 mpya, yaani jerikeni 13 za lita 20. Chumvi ni gramu 35 kwa lita, basi weka tayari karibu kilo 9. Changanya siku moja kabla, pampu ikizungusha na hita ikiwaka, ufikishe nyuzi 25. Kipimo cha chumvi, kile kinacholinganisha uzito wa maji yako na wa maji matupu, kisome 1.025, au kilingane na tangi la zamani. Usichanganye ndani ya tangi samaki wakiwa humo.

Rafiki yako aliyekushauri kutumia chumvi ya Ziwa Katwe kwa kuwa ni rahisi, mwambie asante. Chumvi ile inafaa ng'ombe na mchuzi, lakini maji ya Katwe yana magadi na salfeti nyingi, hayafanani na bahari. Samaki wa bahari anataka chumvi ya akwariamu, yenye kalisi na magnesi kwa kipimo chake. Hapo usibane matumizi.

Sasa siku yenyewe. Tangi jipya liwe limeshakaa mahali pake, sakafu imepimwa kwa pima maji. Likijaa litapita nusu tani, na wewe unakaa ghorofa ya tatu. Liweke kando ya ukuta unaobeba nyumba, si katikati ya sebule kwa sababu panapendeza. Jaza ndoo na mapipa maji ya tangi la zamani, kisha toa mawe moja moja uyazamishe humo, na pampu ndogo izungushe maji. Najua utaniambia kwamba Mombasa maji yakipwa, matumbawe hubaki juani na hayafi. Yale yamezoea. Haya yako yamekaa majini miaka, yana sifongo hai na minyoo, viumbe visivyovumilia hewa. Vikifa ndani ya jiwe vinaoza, na amonia inapanda wakati huna chujio lililotulia. Katika maji ya bahari, ambayo pH yake, yaani kipimo cha uasidi, ni zaidi ya 8, amonia ni sumu kali kuliko katika maji ya mabwawa yangu ya kufugia ngege, yaani perege.

Vaa glavu, na miwani pia. Vile vimaua vidogo vya kahawia vilivyoota kwenye jiwe kubwa vinaweza kuwa na sumu mbaya sana, inayoingia kwenye kidonda au jichoni. Usivikwangue, na usichemshe jiwe hilo jikoni hata siku moja. Mvuke wake umewahi kulaza watu hospitali.

Mawe yakishatoka, samaki hawana pa kujificha. Punguza maji yabaki ya kufika kifundo cha mkono, uwaongoze taratibu waingie kwenye bakuli la plastiki. Wavu hunasa miiba ya kangaja, yule samaki mwenye mwiba mkali mkiani, na kuchubua magamba. Ndoo yao uifunike, kwa maana wale wadogo wa rangi ya chungwa huruka. Kila ndoo iwe na pampu ya hewa ya betri, hata kama umeme upo. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na maji ya chumvi yenye joto hushika oksijeni kidogo kuliko maji baridi ya ziwa.

Mchanga wa zamani uuache. Ukiuchimbua utatoa uchafu wa miaka, na pale penye weusi utasikia harufu ya mayai viza. Chukua vikombe viwili vya juu kama mbegu, ununue mwingine mpya. Mawe yatangulie kukaa juu ya kioo cha chini, mchanga uje baadaye kuyazunguka. Yakikaa juu ya mchanga, kamba na samaki wachimbaji watachimba chini yake mpaka yaporomoke. Halafu maji, hita, chujio na sifongo yake ya zamani bila kuoshwa. Joto na chumvi vikilingana, samaki waingie.

Wiki mbili za kwanza pima amonia na nitriti kila siku, lisha kidogo, na usinunue samaki mwingine hata akiwa wa bure. Amonia ikionekana, badilisha sehemu ya maji. Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza yasiyo na chumvi, kwani chumvi haiondoki.

Tangi la zamani usiliuze. Litakuwa karantini. Samaki mgeni akiingia na ugonjwa wa madoa meupe, dawa ya shaba huwezi kuitia kwenye tangi la mawe. Itaua kamba na konokono, na mawe yataishika.

Kuhusu yule kangaja wa bluu uliyemwona dukani: hufika sentimita 30, na lita 400 bado zitambana. Mwache.

Nitakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Maji yawe yameshachanganywa tangu Ijumaa, na betri za pampu uzinunue mwenyewe.

Baba yako