Waliokufa nisiwafute

Kilosa, Jumapili jioni

Neema mwenzangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, mama anakusalimia na bado anakuulizia sufuria lake kubwa. Najua nimekaa kimya tangu Pasaka. Nilikuwa nasubiri niwe na habari njema ya kukuandikia, ikachelewa, basi nakuletea hii niliyo nayo.

Ni wale kuku wa utafiti wangu, wa kulinganisha pumba tupu na chakula kilichoongezewa. Wiki ya 16 imekwisha, vipimo vyote nimeviingiza kwenye kompyuta. Kila Jumamosi alfajiri nimewapima kabla hawajala. Walipokuwa vifaranga nilikuwa nawaweka kwenye bakuli juu ya mizani ya jikoni. Walipokua, namfunika mmoja mmoja kichwa kwa kipande cha kanga, akitulia ndipo nasoma. Kila mmoja ana pete mguuni na ukurasa wake daftarini. Sasa nawatambua hata kwa mwendo.

Msimamizi alitaka nichukue wastani wa kila wiki, nipitishe mstari mmoja wa Gompertz, ule wa ukuaji unaopanda kisha unatulia, kazi iishe. Nilikataa kwa adabu. Kuku namba 9 akiwa mzito wiki hii, wiki ijayo naye yumo kati ya wazito; vipimo vyake vinafuatana, huwezi kuvihesabu kama vya kuku tofauti. Modeli ya athari mchanganyiko inalipatia kundi mstari wake, kisha inamwachia kila kuku njia yake pembeni ya huo mstari. Hilo alilikubali.

Lakini imenitoa jasho! Unakumbuka Gompertz ana namba tatu: uzito wa kukomea, ile inayobeba uzito wa kuanzia, na kasi ya kukomaa. Nilitaka kila kuku awe na zake zote tatu. R, ile programu ya takwimu, ikahangaika usiku kucha, asubuhi nakuta imegoma. Baraka akanishauri ile ya katikati iwe moja kwa kundi zima, zitofautiane mbili tu. Ikatulia. Ila sasa majogoo wawili wamepewa uzito wa kukomea wa kilo 6. Kuku wa kienyeji wa kilo 6, Neema, umemwona wapi? Sababu naiona: nimeacha kupima wakiwa bado wanapanda. Gompertz hupinda, yaani kasi huanza kupungua, kwenye asilimia 37 hivi ya uzito wa mwisho, na wangu wengi ndiyo kwanza wamepita hapo. Dari, yaani huo uzito wa kukomea, modeli haijaliona, inalikisia. Ukiinua dari ukapunguza kasi, mstari unapita karibu palepale, ndiyo maana namba hizo mbili zinavutana hivyo. Nafikiri nitaomba niendelee kupima miezi miwili zaidi, ingawa chakula... hayo tuyaache kwanza.

Kinachoninyima usingizi ni waliokufa. Nilianza na 40, kundi la pumba tupu 20 na kundi lililoongezewa dagaa na mashudu 20. Wiki ya 6 ndui iliingia bandani. Macho yanavimba, kifaranga haoni chakula hata ukikiweka mbele yake. Namba 23 nilimlisha uji kwa mkono siku nne. Walikufa 7, na 6 kati yao ni wa pumba. Nimeambiwa niwafute wote, nibaki na wenye vipimo kamili, eti data iwe safi.

Nikafungua zile data za vifaranga zinazokuja na R, ChickWeight, tulizojifunzia. Vifaranga 50, vyakula vya aina nne, wanapimwa mpaka siku ya 21. Waliofika mwisho ni 45. Watano wasiofika, wanne ni wa chakula cha kwanza, na ndicho kilichokuza kidogo kuliko vyote. Mtazame namba 18: gramu 39 siku ya kuanguliwa, gramu 35 siku ya pili, basi. Mistari miwili tu ya data, na haijafutwa mpaka leo. Nilimtazama muda mrefu nikimkumbuka wangu wa 23.

Nikiwafuta wangu, kundi la pumba litabaki na wale wenye nguvu peke yao, na wastani wake utapanda. Mfugaji atakayesoma kazi yangu ataamini pumba tupu inatosha. Nikiwaacha, modeli inatumia vile vipimo vichache walivyoacha. Aliyepimwa mara chache, makadirio yake yanaegemea ya wenzake, lakini udhaifu wake wa mwanzo unabaki umehesabiwa. Nilijaribu kwa njia zote mbili. Tofauti ya makundi inapungua nikiwafuta. Inapungua! Na ndiyo swali lenyewe la utafiti.

Najua hata kuwaacha hakumalizi kila kitu. Kama kilichowaua hakionekani kwenye uzito waliokuwa nao, modeli bado itakosea kiasi. Hilo nitaliandika wazi. Lakini kuwafuta siwezi, Neema.

Kikao na msimamizi ni Ijumaa, na wewe ndiye uliyekuwa ukimweleza mambo akakuelewa. Nikikutumia faili utaliangalia kabla ya Alhamisi? Je, nianze na dari au nianze na waliokufa? Je, wale majogoo wa kilo 6 watanivunjia hoja nzima? Nigeuze uzito kuwa logi (logarithimu), au niache hivyo na kuiambia modeli kwamba mtawanyiko unakua pamoja na uzito? Na kazi huko Dodoma, wamekulipa ile miezi miwili? Kifua cha mtoto kimepona?

Nijibu hata kwa mistari miwili.

Wako,
Rehema